Viungo Vilivyokatika: Nani Aadhibiwe?

Muhula uliopita chama chetu cha mijadala kilipewa hoja hii: kwamba mitambo ya kutafutia habari katika intaneti, kama vile Google na Bing, iadhibu kurasa zenye viungo vilivyokatika. Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande wa kupinga, na tulishindwa vibaya. Hata wenzangu wa bweni moja nami waliinua mikono upande wa pili, na usiku ule walinicheka mpaka taa zikazimwa. Tangu siku ile maneno niliyopaswa kuyasema yamekuwa yakinijia kila nikipanda kitandani, kwa maana kengele ya mshika saa ilinikata katikati. Bwana Mhariri amekubali kunipa nafasi katika gazeti hili, na humu hamna kengele.

Yafaa kwanza nieleze hoja yenyewe, kwa kuwa najua gazeti hili husomwa pia na wazee wetu waliosoma hapa zamani, ambao pengine huachia wajukuu wao mambo ya kompyuta. Ukurasa wa intaneti huwa na maneno yaliyotiwa rangi au kupigiwa mstari. Ukiyabofya, hukupeleka kwenye ukurasa mwingine, ambao labda umetunzwa katika nchi nyingine kabisa. Hayo ndiyo tunayoyaita viungo. Kiungo hakina kitu ndani yake ila anwani ya mahali. Basi ikiwa mwenye ukurasa ule wa pili ameuhamisha, au ameufuta, au ameshindwa kulipa ada ya mwaka ya jina la tovuti yake, anwani ile haifikishi tena popote, na mara nyingi msomaji huletewa namba 404, maana yake kitu ulichokitaka hakikuonekana. Hapo kiungo kimekatika. Na kuadhibu, kama hoja ilivyotaka, ni kuushusha ukurasa wenye viungo vya namna hiyo katika orodha ya majibu, mpaka kule chini ambako, tuseme kweli, hakuna mtu afikaye.

Wenzetu waliounga mkono hoja walisema vizuri, wala sitaki kuwafanya wajinga. Msemaji wao wa kwanza alitukumbusha kwamba katika nchi yetu data ni mali. Mwezi wa Julai 2018 Serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii, na kodi ile ilipoondolewa mwaka 2021, mahali pake ilikuja kodi ya asilimia 12 juu ya data. Kila mlango unaobisha, alisema, umeulipia, hata ukikuta nyumba tupu. (Ni kweli kwamba ukurasa wa 404 hula data kidogo sana, kidogo kuliko picha moja ya mchezaji mpira, lakini hesabu hiyo sikuwa nayo kichwani siku ile.) Msemaji wao wa pili alisema kwamba ukurasa wenye viungo vilivyokatika ni kama duka lenye vumbi juu ya mizani: unajua mara moja kwamba mwenyewe hayupo. Kwa nini basi mtambo utupeleke kwenye duka hilo kabla ya mengine? Ukumbi ulipiga makofi, nami nilipiga moyoni, kwa kuwa niliwahi kufikiri hivyo hivyo.

Nilipokuwa kidato cha tano, wakati wa likizo, nilikuwa nikiandika habari za Hospitali ya Mengo, ambayo Daktari Albert Cook aliianzisha mwaka 1897. Kwa simu ya mjomba nilipata ukurasa mmoja mzuri, na chini yake orodha ndefu ya viungo, kila kimoja kikiwa na jina la kitu nilichokuwa nikikitamani. Nilibofya cha kwanza: 404. Cha pili: 404. Nilikwenda hivyo mpaka mwisho wa orodha, na bando la mjomba likaisha, na mjomba akasema maneno. Mimi nami nilimtukana moyoni yule mwenye ukurasa. Ilinichukua siku mbili kutambua kwamba mtu yule alikuwa amenisaidia. Katika majina yale ya viungo vilivyokufa lilikuwamo jina la Maktaba ya Albert Cook, kule Mulago katika chuo cha udaktari cha Makerere, ambamo karatasi za daktari yule na kumbukumbu za wagonjwa wake zimehifadhiwa. Kabla ya hapo sikujua kama kuna maktaba ya jina hilo. Kiungo hakikunifikisha, lakini kidole kilichoelekeza kilikuwa cha kweli.

Basi tuulize, kosa ni la nani? Hapa Kampala nyumba chache zina namba ambayo watu wanaijua. Mgeni huelekezwa kwa kutajiwa kitu, kama mti, au kanisa, au kituo cha mafuta, au duka kubwa. Uchumi ilifunga maduka yake Uganda mwaka 2015, na Shoprite ikatutoka mwaka 2021, walakini mpaka leo utamsikia mtu akimwambia mwenye bodaboda ampeleke pale palipokuwa Shoprite ya Lugogo, na mwenye boda humfikisha pasipo taabu. Sasa tuseme shangazi yangu alimwandikia mgeni karatasi mwaka 2019 ya kumwelekeza nyumbani kwa kulitaja duka lile. Duka likaondoka. Je, shangazi amesema uongo? Alisema kweli siku aliyoandika, wala hakuulizwa wakati duka lilipofungwa. Tukimtoza faini shangazi, mwenye duka amepata funzo gani?

Mwenye kuhama ndiye aliye na njia ya kuacha neno mlangoni. Kompyuta inayotunza tovuti yaweza kuagizwa ijibu kwa namba 301, maana yake nimehama kabisa, nifuate huku, na msomaji hupelekwa hata asijue kwamba palihamwa. Kuna na namba 410, ya kusema kwamba kitu kimeondolewa kwa makusudi na kisitafutwe tena. Kazi hiyo si kubwa, ila yataka mtu anayejali. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni mtandao huu wa kurasa, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1998, na lawama yake aliiweka juu ya wenye kubadilisha anwani hovyo, si juu ya waliozinakili.

Hata sisi wa Kiswahili tumeionja habari hiyo. Mwaka 1994 ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kamusi ya Kiswahili ya kwenye intaneti, na walimu wa nchi nyingi waliiwekea viungo katika kurasa za madarasa yao. Baadaye kamusi hiyo ilitoka Yale ikapata anwani yake yenyewe, na anwani ya zamani haikufaa tena. Mwalimu aliyewaelekeza wanafunzi wake kamusini mwaka 2000 alifanya jema. Nashindwa kuona ni kwa sheria gani ukurasa wake ushushwe kwa sababu ya uhamisho uliofanyika Marekani pasipo yeye kuulizwa.

Kuna jambo la ndani zaidi, nalo ndilo nililokuwa nimelifikia kengele ilipolia. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, baada ya kuwa pamoja wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, mtambo wao uliipita mingine kwa sababu ya wazo moja: kiungo kihesabiwe kama kura. Ukurasa ulioelekezwa na wengi, na hasa na wale ambao wenyewe huelekezwa na wengi, upewe nafasi ya mbele. Siku hizi Google hutazama mambo mengine mengi sana, lakini viungo bado vimo. Mtambo huu basi unaishi kwa kura ambazo watu huzipiga bure na kwa hiari yao. Nanyi mwataka kumwambia mpiga kura kwamba siku mgombea wake atakapokufa, yeye ndiye atakayeshtakiwa. Nani atapiga kura tena? Mwenye ukurasa akiogopa adhabu hii, njia iliyo rahisi kwake si kukagua viungo mia mbili kila mwezi. Njia rahisi ni kuvifuta vyote, na kutoweka kingine maisha.

Naye Berners-Lee, alipotoa pendekezo lake mwaka 1989 akiwa CERN, karibu na Geneva, alilijua jambo hili. Mifumo ya maandishi yenye viungo ilikuwapo kabla ya wake, na wengine walitaka kila kiungo kiandikwe katika daftari moja kuu, ili kisikatike hata kimoja. Yeye aliacha mtu yeyote aelekeze popote pasipo kuomba ruhusa na pasipo kumwambia anayeelekezwa. Ndiyo sababu mtandao ulienea dunia nzima katika miaka michache. Namba 404 ni bei tunayolipa kwa uhuru ule, na kwa maoni yangu si bei kubwa.

Tena tutazame ni nani hasa watakaoanguka. Mwaka 2024 Pew Research Center ya Marekani ilitangaza hesabu yake: katika kurasa zilizokuwapo mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Katika kurasa za habari walizozipima, asilimia 23 zilikuwa na kiungo kimoja au zaidi kilichokatika. Katika kurasa za serikali, asilimia 21. Na katika kurasa za Wikipedia ya Kiingereza, asilimia 54 zilikuwa na kiungo kilichokufa katika orodha ya marejeo yake. Sikilizeni namba hiyo ya mwisho. Wikipedia imeongoza si kwa sababu ni chafu kuliko wote. Imeongoza kwa sababu ina viungo vingi, kwa kuwa ina desturi ya kuonyesha ilikotoa habari zake. Ukurasa wa mtu anayeuza dawa ya kurefusha kimo hauna kiungo hata kimoja cha kumwonyesha msomaji ushahidi, na kwa hiyo viungo vyake vilivyokatika ni sifuri. Kwa sheria yenu, mwuza dawa yuko juu. Wataalamu wa sheria wa Harvard nao waliwahi kuonyesha kwamba karibu nusu ya viungo vilivyoandikwa ndani ya hukumu za Mahakama Kuu ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye kile majaji walichokitaja. Hukumu hizo nazo zizikwe?

Watakaookoka ni wawili: wasioelekeza popote, na wenye fedha za kuajiri vijana wa kukagua viungo usiku na mchana. Kila apitaye Barabara ya Kabaka Anjagala kati ya Lubiri na Bulange anaujua mzunguko wa Nantawetwa. Sisi wote huuzunguka, na Kabaka peke yake ndiye apitaye katikati, njia iliyonyooka, akifunguliwa lango. Hiyo ni heshima yake, wala hatuna neno juu yake. Lakini sheria mnayoitaka ingewafungulia lango la katikati watu ambao hawakuzaliwa nalo. Kampuni kubwa ingepita. Mstaafu anayeandika habari za ukoo wake wa Mamba au wa Nkima, na kuziwekea viungo kwa bidii, akafa mwaka 2016, na ukurasa wake ukabaki kwa huruma ya mtoto anayelipa ada, huyo angezungushwa mpaka asionekane.

Msinielewe vibaya. Kuna jambo moja ambalo ningeliadhibu bila kusita. Jina la tovuti lisipolipiwa, mtu mwingine aweza kulinunua, na wanaolipenda sana jina lililokwisha kuzoeleka ni wenye michezo ya kamari. Basi kiungo ambacho jana kilikupeleka kwenye mawaidha ya afya, leo kinakupeleka mahali pa kubahatisha mabao. Kiungo cha namna hiyo hakijakatika, bali kimeibwa. Ashushwe aliyenunua. Na yule ambaye ukurasa wake bado unaelekeza kule, aambiwe. Kwa wengine wote, mtambo ungefanya vema zaidi kumsaidia msomaji: umwonye kwamba viungo vya ukurasa huu vingi ni vya zamani, na umwonyeshe nakala iliyohifadhiwa, kama ipo. Hapo zamani Google ilikuwa ikitoa nakala zake yenyewe. Mwaka 2024 iliziondoa, na mwaka ule ule ikaweka njia ya kumfikisha mtu kwenye nakala za Internet Archive, nyumba iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 huko San Francisco, ambayo imekuwa ikipiga nakala za kurasa za dunia tangu wakati huo. Nyumba hiyo nayo si ya kuegemewa peke yake, maana Oktoba 2024 ilishambuliwa na wavamizi ikafungwa siku kadhaa.

Tena hakimu mnayemtaka naye ana viungo vyake. Tangu mwaka 2009 Google ilikuwa ikiwapa watu anwani fupi zilizoanza na goo.gl, na watu wakaziandika katika vitabu, katika karatasi za mitihani, katika mabango. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba zote zingekufa tarehe 25 Agosti 2025. Watu walilalamika, na siku zilipokaribia ikalegeza, ikasema zile ambazo bado zinatumika zitaachwa. Mimi sijui hakimu huyo angejihukumuje.

Nami nakiri kitu ambacho hakuna upande uliokisema ukumbini. Adhabu tuliyokuwa tukiigombania, Google imekwisha kusema kwamba haitoi. Katika maelezo yake kwa wenye tovuti imeandika kwamba 404 ni jambo la kawaida la mtandao, na kwamba kurasa zisizopatikana haziishushi tovuti nzima. Kwa hiyo mtu aweza kuniuliza, waandika nini basi? Naandika kwa sababu hofu ya adhabu imekwisha kufanya kazi ya adhabu yenyewe. Wako watu wanaouza huduma ya kusafisha tovuti, na neno lao la kwanza kwa mteja ni kwamba viungo vyako vilivyokatika vitakuzika. Neno hilo lilifika mpaka kwetu, na hapa nafika kwenye habari ambayo mbele ya ukumbi niliona aibu kuisimulia.

Wengi wenu mnaujua ukurasa wa wanafunzi wa zamani katika tovuti ya shule. Ulianzishwa na mmoja wenu, miaka mingi kabla mimi sijafika hapa, naye aliujaza kwa mkono wake majina, miaka, michezo, misiba, na viungo vya kila habari iliyopata kuandikwa gazetini juu ya mtu aliyesoma hapa. Nilipokuwa kidato cha tano, mtu mmoja aliyekuja kutufundisha katika chama cha kompyuta alituonyesha programu ya kukagua viungo. Tuliielekeza kwenye ukurasa ule, na mistari myekundu ikateremka kama mvua. Alituambia kwamba kwa hali ile Google haitatuona kamwe. Mimi ndiye niliyepewa nywila. Nilikaa alasiri moja katika chumba cha kompyuta nikafuta kiungo kimoja baada ya kingine, na mahali penye maneno "soma habari hapa" nikafuta na maneno, ili ukurasa upendeze. Nilipomaliza, programu ilionyesha kijani tupu. Nilijiona mtu wa maana sana. Chakula cha usiku kilikuwa maharage, na hata hayo niliyaona matamu.

Baada ya miezi minne ilikuja barua pepe kutoka kwa mzee mmoja aliyesoma hapa miaka ya 1960, ambaye sasa anaishi Uingereza. Aliandika kwa upole, akiniita mwanangu ingawa hanijui. Alisema kwamba ndugu yake mkubwa, aliyesoma hapa pia, amefariki, na kwamba familia haina picha yake hata moja ya ujana, kwa kuwa vitu vyao vilipotea katika misukosuko ya miaka ya 1970. Lakini alikumbuka kwamba zamani, katika ukurasa wetu, palikuwa na kiungo cha gazeti moja la hapa Kampala, na humo palikuwa na picha ya timu ya mpira ya mwaka 1964, na ndugu yake alikuwamo. Alijua kwamba kiungo kile kilikuwa kimekatika, maana alikuwa amekijaribu. Sasa mjukuu wake amemwambia kwamba mtu akiwa na anwani, hata iliyokufa, aweza kuipeleka Internet Archive na kuona kama nakala ilipigwa. Amerudi kwetu kuchukua anwani, na haioni. Je, ningeweza kumsaidia?

Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama. Siwezi kueleza jinsi nilivyoona haya. Kile nilichokiita takataka kilikuwa ndicho kitu pekee alichokuwa akikitafuta, na hakikuwa kimekufa kwake hata kidogo. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa kompyuta nikamwambia yote. Hakunikaripia. Aliniuliza tu kama tulikuwa tumeweka nakala ya ukurasa kabla ya kufuta. Hatukuweka.

Ndipo yeye akafikiri jambo ambalo mimi sikulifikiri: kwamba ukurasa wetu wenyewe huenda ulipigwa nakala kule San Francisco. Tuliingiza anwani ya shule, tukarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, na katika nakala ya mwaka 2014 tukauona ukurasa kama ulivyokuwa, na mistari yote niliyoifuta. Kiungo cha gazeti kilikuwamo. Anwani yake ilikuwa ndefu, yenye namba nyingi mwishoni, ambayo hakuna mtu angeweza kuikisia. Tuliinakili tukaipeleka penye nakala za gazeti lile, na habari ikafunguka.

Maneno yalikuwapo yote. Mahali pa picha palikuwa na kisanduku cheupe, na chini yake majina ya wachezaji, safu ya nyuma na safu ya mbele, kutoka kushoto kwenda kulia. Picha yenyewe haikupigwa nakala. Tulijaribu siku nyingine mbili tatu za mwaka ule na ikawa vile vile.

Nilimwandikia mzee, nikamtumia majina kama yalivyokuwa. Ndugu yake alikuwa wa tatu kutoka kushoto, safu ya mbele, mahali ambapo aghalabu hukaa mshika mpira. Nilimwomba radhi kwa kazi yangu ya alasiri ile. Alijibu siku ya pili kwamba hakuwa na habari kwamba ndugu yake alikuwa nahodha, na akaniuliza kama kuna mtu yeyote katika safu ile ambaye bado yu hai na aliyetunza gazeti lenyewe. Swali hilo nalileta kwenu, wazee wetu mnaosoma kurasa hizi: timu ya mwaka 1964, na gazeti lililotoa picha yake. Mkiwa nayo, mleteeni Bwana Mhariri.

Viungo nimevirudisha vyote katika ukurasa, kimoja kimoja, kutoka katika ile nakala ya 2014. Vingi bado huleta 404. Kando ya kila kimoja nimeandika mwaka kilipowekwa, na kando ya vile vilivyo na nakala nimeweka anwani ya nakala. Programu ya kukagua imerudi kuwa nyekundu, na kijana aliyeipokea nywila kwangu, wa kidato cha tano, amekwisha kuniuliza mara mbili kama asifute.